Ndiyo, Hapana, na Sijui

Kabla ya kompyuta, hali ya muamala ilikuwa kitu cha kutazama kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, makarani wa American Airlines walikata tiketi kwa kadi. Kadi za safari zilipangwa kwenye meza ya duara inayozunguka, na watu wanane waliizunguka wakichomoa kadi, wakiitia alama na kuirudisha mahali pake. Tangu abiria apige simu hadi kila kitu kukamilika, kazi ilichukua wastani wa dakika 90. Ulikuwa utaratibu wa kuchosha, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo wahandisi wangekuja kuihangaikia kwa nusu karne. Kadi ikiwa mkononi mwa karani, haipo mezani. Mwenzake akiitafuta asiione, anajua kuna anayeishughulikia, na akiinua macho atamwona aliyeishika.

Mwaka 1953, katika ndege ya kutoka Los Angeles kwenda New York, mkuu wa shirika hilo, C. R. Smith, alijikuta amekaa jirani na mtu wa mauzo wa IBM ambaye naye ni Smith, R. Blair Smith. Mazungumzo ya wajina hao yalizaa SABRE, mfumo uliowekwa Briarcliff Manor, jimbo la New York, ukiendeshwa na kompyuta mbili za IBM 7090, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri ya kwanza ianguke. Ilipofika 1964 tiketi zote za shirika zilipitia humo, na zile dakika 90 zikawa sekunde. Meza ya duara ikaondolewa. Mikono ya makarani ikaondoka nayo, na kuanzia hapo hapakuwa na mahali pa kuinua macho ukaona nani ameshika nini.

Watengenezaji wa mifumo hawakuiona hasara hiyo mara moja, maana walikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi. Marekani ilikuwa inapeleka watu mwezini. Roketi ya Saturn V na chombo chake vilikuwa na mamilioni ya vipuri, na kila kipuri kilitakiwa kijulikane kimetoka wapi na kinaingia wapi. Mwaka 1966 IBM ilikaa pamoja na North American Aviation na Caterpillar kutengeneza mfumo wa kutunza orodha hiyo, uliokuja kuitwa IMS. Tarehe 14 Agosti 1968, huko Downey, California, mashine ya IBM 2740, iliyofanana na taipureta, ilichapa neno moja: READY. Mfumo uko tayari. Wahandisi walishangilia, na walistahili. Lakini neno lile lilisema tu kwamba mfumo uko macho. Juu ya kazi zilizokuwa zinaendelea tumboni mwake halikusema lolote.

CICS, mfumo mwingine wa IBM wa kuendesha miamala, ilitoka tarehe 8 Julai 1969, chini ya wiki mbili kabla ya Neil Armstrong kukanyaga mwezi. Asili yake haikuwa ya anga hata kidogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni za umeme, gesi na simu, ili mteja anayepiga simu kulalamikia bili ajibiwe papo hapo, badala ya karani kumwambia apige tena kesho. Kwa sababu hiyo ilibidi ibebe watu wengi kwa wakati mmoja, na ikibeba wengi, mmoja wao atakwama na kuwakwamisha wengine. Hivyo CICS ikapewa kitu ambacho waendeshaji wake wanakitumia mpaka leo: kituo kikuu. Mwendeshaji anaandika amri fupi, CEMT I TASK, na kazi zote zilizo hai zinajipanga kwenye skrini, mstari kwa mstari. Kila mstari una namba ya kazi, jina la muamala lisilozidi herufi nne, kituo ulikotoka, na hali yake katika herufi tatu: inaendeshwa, iko tayari kuendeshwa, au imesimamishwa. Ukiufungua mstari wa kazi iliyosimamishwa unaambiwa pia inasubiri nini. Meza ya duara ilikuwa imerudi, safari hii kwa maandishi ya kijani.

Hata hivyo kituo kikuu kilijibu swali moja tu: nani anafanya nini sasa. Swali gumu zaidi ni lile linaloulizwa baada ya umeme kukatika. Kazi iliyokuwa katikati ilifika wapi? Fedha zilizotoka kwenye akaunti ya huyu ziliingia kwa yule, au ziliishia njiani?

Aliyelishika swali hili kwa mikono miwili ni Jim Gray. Alizaliwa San Francisco mwaka 1944 na kusoma Berkeley, ambako mwaka 1969 alikuwa wa kwanza kupata udaktari katika idara ya sayansi ya kompyuta. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa kwenye maabara ya IBM mjini San Jose, ndani ya kundi lililotengeneza hifadhidata ya majaribio iitwayo System R. Pamoja na Eswaran, Lorie na Traiger alichapisha mwaka 1976 makala iliyoeleza kwa hesabu namna ya kufunga data kwa makufuli ili miamala miwili isikanyagane. Lile jambo la kadi kutokuwepo mezani sasa lilikuwa na nadharia yake.

Sehemu ya pili ya dawa ilikuwa daftari, ambalo mafundi wengi huliita logi. Kanuni yake ni rahisi kuitamka na ngumu kuitii: usiguse data kabla hujaandika daftarini unachotaka kukifanya, na andiko hilo liwe limeshafika kwenye diski. Mashine ikizimika ghafla na kuwashwa tena, inasoma daftari. Muamala wenye alama ya kuthibitishwa unarudiwa mpaka athari zake zote zionekane. Usio na alama hiyo unafutwa kana kwamba haukuwahi kuwepo. Kwa mashine moja, basi, jibu huwa ni ndiyo au hapana, na huwa limeandikwa mahali pamoja. Mtu anayefuatilia hali ya mfumo wa namna hiyo ana raha yake.

Shida ilianza benki mbili zilipotaka kushirikiana, kila moja na mashine yake na daftari lake. Akaunti ya kutoa iko huku, ya kuingiza iko kule, na waya katikati. Katika maandishi yake marefu ya 1978 kuhusu mifumo ya hifadhidata, Gray alieleza itifaki ya kuthibitisha kwa hatua mbili, na baadaye akaifananisha na ndoa ya kanisani. Mchungaji anamuuliza bwana harusi, kisha bibi harusi. Wote wakikubali, anatangaza kwamba sasa ni mume na mke, na hakuna tena wa kurudi nyuma. Mmoja akikataa, hakuna ndoa. Kwenye mitambo mchungaji ni mratibu, na kusema "nakubali" ni kuandika daftarini kwamba uko tayari kwa lolote litakaloamuliwa.

Ni mfano mzuri, lakini tuusukume mbele kidogo. Bwana harusi amekubali, bibi harusi amekubali, na mchungaji anazimia kabla ya kutangaza. Wale wawili pale mbele ni nani? Hawawezi kuondoka kama wageni wasiojuana, kwa kuwa wameshatoa ahadi. Hawawezi kwenda fungate, kwa kuwa hakuna aliyewatangaza. Wanabaki wamesimama mpaka mchungaji azinduke. Katika hifadhidata hali hii inaitwa muamala ulio shakani, na ubaya wake ni kwamba unasimama ukiwa umeshika makufuli. Akaunti uliyoigusa haiguswi na mwingine. Anayeitaka anapanga foleni, anayemtaka huyo naye anapanga nyuma yake, na baada ya muda mfupi mfumo mzima umeganda ingawa hakuna chombo hata kimoja kilichoharibika.

Watu wa IBM walipunguza makali. C. Mohan na Bruce Lindsay, waliokuwa wakijenga mfumo wa hifadhidata wa R*, walipendekeza kanuni ambayo hadi leo imo katika mifumo mingi: mratibu akiulizwa habari za muamala asioukumbuka, ajibu kwamba ulifutwa. Pwani tumezoea kuambiwa kimya cha mwari ni ridhaa. Mohan na wenzake waliamua kinyume chake, kimya ni hapana, na uamuzi huo ukaokoa ujumbe mwingi kwenye waya na maandishi mengi kwenye diski. Haukuiondoa shaka yenyewe. Mratibu aliyezimia bado hajibu kitu, na hapo hata kimya chake hakitafsiriki.

Mwaka 1985 mambo mawili yalitokea ambayo, kwa maoni yangu, yanafaa kusomwa pamoja. La kwanza ni ripoti ya Gray, wakati huo akiwa Tandem, kampuni iliyouza kompyuta za kutosimama. Aliuliza swali la kitoto: kompyuta husimama kwa nini? Akapitia taarifa za hitilafu kutoka kwa wateja. Kila mtu alitegemea kusikia habari za vyuma vilivyoungua. Vifaa vilibeba asilimia 18 tu. Programu zilikuwa na asilimia 25, na sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 42, ilitokana na uendeshaji: watu waliokuwa wakitunza, wakirekebisha na kusanidi mifumo hiyo. Mashine ilikuwa imejifunza kustahimili kifo cha kipande chake chochote. Haikuwa imejifunza kumweleza binadamu aliyekaa mbele yake, kwa lugha ya kueleweka, iko katika hali gani kabla hajabonyeza kitufe.

La pili lilitokea Novemba ya mwaka huohuo, katika Bank of New York. Benki hiyo ilikuwa njia kuu ya kupitishia hati za dhamana za serikali ya Marekani. Hati zikiingia, Benki Kuu inakata fedha kwenye akaunti yake. Zikitoka kwenda kwa mnunuzi, fedha zinarudi. Programu ya kupanga hati hizo ilikuwa na kihesabio cha biti 16, ambacho mwisho wake ni elfu thelathini na mbili na ushee. Siku hiyo hesabu ilipita hapo. Kihesabio kikafurika, kumbukumbu zikaanza kuandikwa juu ya nyingine, na benki ikashindwa kujua hati ipi ni ya nani. Upande wa kuingia haukuwa na hitilafu. Hati ziliendelea kuja, fedha ziliendelea kukatwa, na hakuna kilichoweza kutoka. Usiku ulipoingia, benki ililazimika kukopa kutoka Benki Kuu zaidi ya dola bilioni 20 ili kufunga hesabu za siku. Riba ya mkopo huo ilikuwa takriban dola milioni 5.

Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha biti 16. Kwangu mimi kihesabio ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba kila mfumo, ukiulizwa peke yake, ungejibu kuwa hali yake ni njema: wa Benki Kuu ulikuwa unapeleka hati na kukata fedha kama ulivyoagizwa. Hapakuwa na mtu mwenye skrini iliyoonyesha kwamba muamala umekamilika upande mmoja na kukwama upande mwingine.

Miaka ya 1990 ilijaribu kuleta lugha moja. Muungano wa X/Open ulitoa vipimo vya XA mwaka 1991, ili msimamizi wa miamala wa kampuni moja aweze kuzungumza na hifadhidata ya kampuni nyingine. Mbali na amri za kuanza, kujiandaa na kuthibitisha, iliwekwa amri iitwayo xa_recover. Kazi yake ni moja: kuiuliza hifadhidata, nitajie miamala yote uliyonayo iliyosema iko tayari na bado haijaambiwa mwisho wake. Shaka ilikuwa imepata orodha rasmi.

Waandishi wa XA walikuwa wakweli kupita kawaida. Walijua kwamba usiku wa manane, mratibu akiwa hajulikani alipo na foleni ikirefuka, msimamizi wa hifadhidata ataamua mwenyewe: thibitisha huu, futa ule, tuendelee na kazi. Badala ya kujifanya jambo hilo halipo, walilipa namba. Ipo namba ya kusema upande mmoja ulijiamulia kuthibitisha. Ipo ya kujiamulia kufuta. Ipo ya mchanganyiko, yaani sehemu moja imethibitishwa na nyingine imefutwa, uharibifu uleule ambao itifaki nzima ilibuniwa kuuzuia. Na ipo ya nne, ninayoipenda kuliko zote, inayosema pengine imetokea hivyo na pengine haikutokea. CICS nayo, katika matoleo ya muongo huo, ilipata skrini yake ya mambo haya. Kwa CEMT I UOW unaona muamala ulio shakani umewekwa kando, kama gari la moshi lililoingizwa kwenye njia ya pembeni ili treni nyingine zipite, ingawa makufuli yake hayajaachiliwa.

Kisha hifadhidata za bure zikatoka kwenye vyumba vya benki na kuingia kila mahali. Mfini Heikki Tuuri alitengeneza InnoDB, injini ya kuhifadhi data iliyoingia ndani ya MySQL mwaka 2001, na ripoti yake ya hali imelea kizazi kizima cha mafundi, wakiwemo wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Ni ukurasa mrefu wa maandishi matupu. Katikati yake kuna sehemu ya miamala, kila mmoja na sekunde ulizokaa hai. Ukiona muamala wa sekunde 3, pita. Ukiona wa sekunde 9,000, na hauna amri yoyote unayoendesha, umempata mchawi. Sehemu nyingine inasimulia mara ya mwisho miamala miwili iliposhikana mashati, wa kwanza akiwa na kufuli analolitaka wa pili na wa pili akiwa na analolitaka wa kwanza. Inataja kila mmoja alishika nini na alitaka nini, na inamaliza kwa hukumu: tumemfuta namba 2. Uandishi mkavu, ila nimesoma taarifa za polisi zilizoeleza kidogo kuliko huo.

PostgreSQL, hifadhidata nyingine ya bure, iliongeza uwezo wa kuthibitisha kwa hatua mbili katika toleo la 8.1 la mwaka 2005, pamoja na jedwali la pg_prepared_xacts la kuonyesha miamala iliyo tayari na inayosubiri uamuzi. Watu waliutumia, na watu walisahau. Muamala uliosahauliwa hapo hauondoki hata ukizima mashine na kuiwasha. Unaendelea kushika makufuli yake na kuzuia usafishaji wa mistari ya zamani. Tangu toleo la 8.4, la 2009, uwezo huo huja umezimwa, na mwongozo unamtahadharisha mtumiaji asiuguse kama hana msimamizi wa miamala wa nje wa kufuatilia.

Usafishaji huo si anasa. Namba za miamala katika PostgreSQL zina biti 32, yaani bilioni nne na kidogo, na ni nusu tu kati ya hizo inayoweza kuhesabiwa kuwa wakati uliopita. Usafishaji ukichelewa na namba zikakaribia kujizungusha, hifadhidata inakataa kuandika chochote mpya ili isichanganye jana na kesho. Kampuni ya Sentry ilisimama kwa sababu hiyo Julai 2015. Mandrill, huduma ya barua pepe ya Mailchimp, ilikutwa na hayohayo Februari 2019. Ni biti nyingi kuliko zile 16 za Bank of New York, lakini ni aina ileile ya ajali: kihesabio kinachosogea polepole mbele ya watu ambao hawakuwa wanakitazama.

Jim Gray alipokea Tuzo ya Turing mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco, katika mashua yake Tenacious, akielekea visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mama yake. Hakurudi, na mashua haikuonekana. Walinzi wa pwani walitafuta kwa siku kadhaa wakaacha. Marafiki zake wakapata picha za setilaiti na kuzigawa kwa maelfu ya watu waliojitolea kupitia intaneti, kila mtu akikagua vipande vya bahari kwenye skrini yake. Mahakama ilimtangaza kuwa amefariki mwaka 2012.

Wiki tano baada ya Gray kutweka tanga, tarehe 6 Machi 2007, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Hapa swali la kituo kikuu likatoka mikononi mwa wataalamu. Mteja amesimama mbele ya wakala, amebonyeza namba ya siri, na wote wawili wanatazama simu. Ujumbe wa "imethibitishwa" ndio alama ya daftarini iliyofikishwa mpaka kiganjani, ukiwa na namba ya muamala, kiasi, jina na saa. Ukichelewa, hakuna anayesema muamala uko shakani. Wanasema hela imekatwa lakini haijafika. Wakala mzoefu hatoi noti kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Anasubiri wa kwake, na asipouona anakagua salio la floti. Anafanya kazi ya xa_recover bila kuisomea.

Kwa miaka ya kwanza seva za huduma hiyo ya Kenya zilikuwa Ulaya, na jibu lilisafiri bahari kwenda na kurudi. Mwaka 2015 zilihamishiwa Kenya. Safaricom ilipofungua mlango wake kwa watengeneza programu, kwa jina la Daraja, iliweka humo huduma mahususi ya kuuliza hali ya muamala, kwa ajili ya duka lililotuma ombi la malipo likakaa bila jibu. Anayeuliza hutaja namba ya muamala, kisha lazima atoe anwani mbili. Moja ni ya kupelekewa jibu. Ya pili ni ya kupelekewa taarifa kwamba swali lenyewe limekaa kwenye foleni mpaka muda wake ukaisha.